4K ya vioo viwili au Full HD ya chapa inayojulikana?

SWALI

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi.

Niko Kihonda, Morogoro. TV yetu ya inchi 32 ilikufa baada ya mwanangu wa miaka minne kuirushia rimoti. Kioo kilipasuka upande wa kona, nusu ya picha ikawa weusi na mistari. Fundi kaniambia kioo peke yake kinakaribia bei ya TV mpya, basi tukaamua kununua nyingine. Bajeti ni laki sita na nusu na haiwezi kupanda, ada za shule ziko mlangoni.

Nimezunguka madukani nikabaki na mbili, zote inchi 43. Ya kwanza ni laki tano na sitini. Chapa yake sijawahi kuisikia popote. Boksi limeandikwa 4K Ultra HD, Smart, Android, na ina vioo viwili. Kijana wa dukani aliipiga ngumi mbele yangu kuonyesha kwamba haipasuki. Waranti ni ya duka, mwaka mmoja, kwa maneno yake tu. Ya pili ni laki sita na arobaini. Chapa inajulikana, lakini ni Full HD, kioo cha kawaida, ina Google TV, RAM GB 1 na hifadhi GB 8. Waranti yake ina kadi, miaka miwili.

Baba Nasra anataka ya kwanza: ni rahisi, ni 4K, na mtoto hataivunja. Anasema Full HD imepitwa na wakati, tutajuta. Mimi moyo unasita lakini sina la kumjibu.

Sisi tunatazama king'amuzi cha dishi kwa taarifa ya habari, tamthilia na mechi za Simba na Yanga; muvi za kutafsiriwa kwenye flashi; na katuni za YouTube kwa hotspoti ya simu. Kutoka kwenye kochi hadi ukuta wa TV ni mita mbili na nusu hivi, na dirisha kubwa liko ukuta wa mbele yake. Umeme wetu unakatika na kurudi, na Luku tuko kwenye uniti za bei ya chini, sitaki tutolewe huko. Tuchukue ipi?

Mama Nasra, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mama Nasra. Chukueni ya pili. Baba Nasra ana hoja moja nzito, ile ya mtoto, nayo nitaifikia. Lakini hoja ya 4K haina kazi sebuleni kwenu.

TV haiwezi kuonyesha zaidi ya kile inacholetewa. King'amuzi cha kawaida cha HD hakitoi zaidi ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, ambayo ndiyo Full HD, na chaneli nyingi zinazopita humo ziko chini ya hapo. Muvi za flashi, hasa zile faili za MB 700 au GB 1, ukipata urefu wa pikseli 720 una bahati. Picha ya 1080 ikiingia kwenye kioo cha 4K, chenye pikseli mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, kwa kila pikseli moja iliyoletwa TV inalazimika kubuni tatu nyingine. Hapo ndipo prosesa nzuri na prosesa ya bei poa zinapoachana: moja inabuni kwa akili, nyingine inatanua tu, na uso wa mtangazaji unaonekana kama umepakwa mafuta ya nazi. Kwa king'amuzi, 4K ya bei ya chini mara nyingi huonyesha picha mbaya kuliko Full HD iliyotulia.

Weka na umbali wenu. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95. Gawanya kwa pikseli 1920, kila moja inapata kama nusu milimita. Jicho lisilo na tatizo, likiwa mita mbili na nusu, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa kama milimita 0.7. Maana yake kutoka kwenye kochi lenu hata pikseli za Full HD hamzioni. Ili uanze kuifaidi 4K kwenye inchi 43 inabidi usogee hadi mita 1.7 au karibu zaidi, na video yenyewe iwe ya 4K kweli. Mngekuwa mnanunua inchi 65, maneno yangekuwa mengine.

Na hiyo video ya 4K ingetoka wapi? Kwenye bando. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Kwa hotspoti ya simu, katuni za asubuhi moja ya Jumamosi zingemaliza bando la wiki. Mtoto wa miaka minne anafurahi na 480 kama anavyofurahi na 4K, kwa hiyo TV yoyote mtakayonunua, ingia kwenye YouTube ushushe ubora. TV hailijui bando, na ikiachwa ijichagulie yenyewe itapanda hadi pale hotspoti itakapochoka.

Sasa, je, hiyo ya kwanza ni 4K kweli? Kwa chapa isiyojulikana, inchi 43, laki tano na sitini, swali hilo ni la kuuliza kabla ya mengine yote. Zipo TV zinazoandikwa 4K kwa maana kwamba zinapokea video ya 4K kisha zinaishusha kwenye kioo cha chini, wakati mwingine pikseli 1366 kwa 768 tu. Maandishi ya boksi na hata ya menyu hayatoshi, maana programu inaandika chochote ilichoambiwa iandike. Kioo chenyewe ndicho kisichodanganya, na kupima ni kazi ya dakika tano. Nenda na rula ya plastiki ya shule. Mwambie kijana aweke picha nyeupe tupu. Egemeza rula kwenye kioo, sambamba na ukingo wa chini, sogeza kamera ya simu karibu kadiri inavyoweza kukaza, piga picha kisha ikuze. Utaona vimistari vya nyekundu, kijani na bluu vikijirudia. Vitatu hivyo pamoja ni pikseli moja. Hesabu pikseli zilizomo ndani ya sentimita moja. Kwa inchi 43, zikiwa 40 hiyo ni 4K. Zikiwa 20 ni Full HD. Zikiwa 14, unauziwa kioo cha HD ya kawaida kwenye boksi la 4K. Kwa TV ya vioo viwili rula itakaa mbali kidogo na pikseli zenyewe, hivyo hesabu inaweza kusogea kwa moja au mbili, ila 14 haiwezi kugeuka 40.

Ukiwa hapohapo, toa futi kamba ya cherehani upime kona hadi kona, sehemu inayowaka tu, fremu usiihesabu. Inchi 43 ni sentimita 109. Ukipata 101 au 102, hiyo ni inchi 40 iliyopewa jina la 43.

Tuje kwa vioo viwili, kwa sababu hapa Baba Nasra hajakosea. Kinachofanyika ni kwamba mbele ya kioo chenye picha, ambacho ni chembamba na laini, wanaweka kioo kingine kigumu kama kile cha meza. Rimoti ikirushwa inagonga hicho cha mbele, na mara nyingi hakuna kinachotokea. Kinga hiyo ni ya kweli. Ila ile ngumi ya dukani inakuonyesha ngumi tu, tena ngumi ya katikati ya kioo. Kioo kigumu kinaogopa kupigwa ukingoni, na kikipasuka humwagika chote vipande vidogo. TV ikianguka kutoka mezani, kioo cha mbele hakiokoi cha nyuma.

Gharama yake mtailipa kila siku mchana. Kioo cha mbele ni kama kioo cha dirisha, kinarudisha mwanga, na ninyi mna dirisha kubwa linalotazamana na TV. Kuanzia saa nne asubuhi mtakuwa mnajiona wenyewe kwenye kochi kuliko mnavyomwona mtangazaji. Kioo cha TV ya kawaida kina ukungu kidogo wa makusudi wa kutawanya mwanga. Halafu katikati ya vile vioo viwili, kwenye TV ambazo hazikuzibwa vizuri, huingia vumbi na vidudu vidogo vinavyofuata mwanga usiku. Ukifuta hawatoki, wako ndani, na kuwatoa ni kumwita fundi afungue. Uzito nao unaongezeka, kwa hiyo kuitundika kunataka braketi nzito.

Dawa ya mtoto ni ukuta. TV ya pili itundikwe, ukingo wa chini uwe kama sentimita 120 kutoka sakafuni, kwa braketi inayoinama kidogo mbele ili ninyi mliokaa msitazame juu. Kabla ya kununua braketi, pima mashimo manne yaliyo mgongoni mwa TV: nyingi za inchi 43 ni milimita 200 kwa 200, lakini zipo zenye mpangilio mwingine, na skrubu zake zinatofautiana unene na urefu. Skrubu ndefu kuliko shimo inatoboa bodi ndani, na ajali hiyo huwa haiingii kwenye waranti. Kama ukuta ni wa bloku zenye uwazi, fundi asitumie vile vibanio vifupi vya plastiki vya kutundikia picha. TV itakaa mwezi kisha ishuke na plasta. Rimoti ikirushwa kwa nguvu itafika hata ukutani, hilo nisikufiche, lakini kuvuta, kusukuma, kupiga kwa kiganja na kupanda meza ya TV vitakuwa vimekwisha. Na rimoti yenyewe ivalisheni kava la silikoni.

Mkiwa mnatundika, fikirieni ukuta mwingine. TV ikikaa ukuta wa ubavuni mwa dirisha badala ya kulitazama, nusu ya tatizo la mwanga inaisha bila pazia zito. Ila kabla ya hapo fanya jambo moja dukani: simama pembeni ya TV, nyuzi 45 hivi, utazame sura za watu. Kuna vioo ambavyo weusi wake ni mzito na picha za usiku zinapendeza, lakini ukikaa ubavuni rangi zinapauka. Kuna vingine weusi wake ni kijivu kidogo usiku, ila aliyekaa kwenye mkeka pembeni anaona sawasawa na wa katikati. Boksi halisemi, na chapa moja inaweza kutumia aina zote mbili. Kwa sebule ndogo ambayo watu hujaa siku ya mechi, ningechagua aina hii ya kioo, ya weusi wa kijivu.

Kuhusu Smart: neno Android kwenye boksi linabeba vitu viwili tofauti. Google TV iliyoidhinishwa inawaka na nembo yake, rimoti ina kitufe cha maikrofoni, na YouTube yake ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya TV. Android ya bure iliyochukuliwa na kuwekwa kwenye bodi ya bei nafuu inakuja na duka la programu la ajabuajabu, YouTube ya simu inayotaka kishale cha panya kwenye rimoti, na haipati masasisho. Siku YouTube wakibadilisha mambo yao, programu hiyo inakataa kufunguka, na kwenye mipangilio hakuna pa kusasisha. Netflix kwenye mashine ambazo hazikuidhinishwa ama haiingii ama inabaki kwenye ubora wa chini. Namba ya Android inayoonyeshwa kwenye menyu isikutishe, inaweza kuandikwa yoyote.

Hata hivyo ya pili nayo si ya kusifia sana upande huu. RAM ya GB 1, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ndogo. Itakwenda vizuri ukiwa na YouTube na programu nyingine mbili tatu, ukijaza kumi itaanza kuganda. Kati ya hizo GB 8, mfumo wenyewe umeshachukua zaidi ya nusu. Usiweke kila kitu unachokiona dukani mwa Google, na ikianza kuchoka, ichomoe ukutani kwa dakika moja. Kuizima kwa rimoti ni kuilaza tu, haianzi upya. Baada ya miaka kadhaa upande wa Smart ukizeeka kabisa, unachomeka kijiti cha Smart kwenye tundu la HDMI na kioo chako kinaendelea na kazi.

Kinachoua TV nyingi za LED ni taa za nyuma. Nyuma ya kioo kuna vipande virefu vyenye vitaa vidogo, vimeunganishwa kwa mfuatano. Kitaa kimoja kikifa, mstari mzima unaweza kuzimika na bodi ikakata mwanga wote. Dalili yake: sauti ipo, picha hakuna, lakini ukimulika kioo kwa tochi gizani unaona picha hafifu. Watengenezaji wa bei ya chini sana hupunguza idadi ya vitaa, kisha huvisukuma kwa umeme mwingi ili TV ing'ae dukani. Joto linavimaliza. Ukiona TV imeanza kuwa ya bluu au zambarau, ni ile rangi ya njano juu ya vitaa imeungua. Kubadilisha vipande hivyo kunawezekana, na kwa chapa inayojulikana vinapatikana kwa namba ya modeli. Kwa chapa isiyo na jina fundi anatafuta vinavyofanana urefu, anakatakata, na kioo kinatolewa nje mzima mzima. Mkono ukiteleza, kazi imeisha. Hapa ndipo zile elfu themanini za tofauti zinaporudi.

Na ninyi wenyewe mnaweza kuvirefushia maisha. TV ikitoka dukani huwa kwenye hali ya picha kali. Ingia mipangilio ya picha, chagua ya kawaida au ya sinema, kisha tafuta iliyoandikwa Backlight uishushe hadi 50 au 60 kwa mia. Ile iliyoandikwa Brightness usiiguse kwa lengo hilo. Kwenye TV nyingi hiyo inageuza weusi kuwa kijivu, taa ya nyuma inabaki vilevile.

Luku: Full HD ya inchi 43 hula kama wati 60, na 4K ya ukubwa huohuo kama 90, kwa kuwa pikseli ndogo hupitisha mwanga kidogo na taa ya nyuma inabidi iwe kali. Kwa saa sita kwa siku, Full HD ni uniti 10.8 kwa mwezi, 4K ni 16.2. Kwa kundi lenu la D1, hilo la uniti za bei ya chini, ambako uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 122, tofauti ni shilingi 660 hivi kwa mwezi, pesa ndogo. Tatizo ni kikomo cha D1, uniti 75 kwa mwezi. Kama mnatumia 60 hakuna shida. Kama mnacheza kwenye 70, uniti tano na nusu zinatosha kuwavusha, na mkihamishwa kutoka D1 uniti moja ni kama shilingi 356 kwa vitu vyote, friji na pasi vikiwemo. Angalia matumizi yenu ya miezi mitatu iliyopita kwenye meseji za Luku kabla ya kubishana.

Umeme unaokatika ni hatari zaidi kuliko unaotumika. Wati na volti zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa TV. Iliyoandikwa 100–240V inavumilia umeme mdogo kuliko iliyoandikwa 220–240V. Hata hivyo nunueni TV guard, ile inayokata umeme ukishuka au ukipanda mno na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha. Ekstensheni yenye kitaa chekundu si guard. Chomekeni TV na king'amuzi vyote kwenye guard, kwa sababu vinaunganishwa na waya wa HDMI na hitilafu ya kimoja inavuka kwenda kwa kingine. Radi ikianza, chomoeni na waya wa dishi, si wa umeme tu: dishi liko juu ya bati, na njia ya kuingia ni dishi, king'amuzi, HDMI, TV. HDMI pia msiichomeke wala kuichomoa vifaa vikiwa bado vimechomekwa kwenye umeme. Plagi nyingi za ving'amuzi hazina waya wa ardhi, na ule mtekenyo mdogo unaousikia kwenye vidole ndio unaochoma tundu la HDMI.

Siku ya kununua, nenda na flashi yenye picha tano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa tupu. Kwenye nyeupe tafuta madoa ya njano, kona zenye kivuli na vidoti vyeusi. Kwenye nyeusi mwombe kijana azime taa kidogo uone kama mwanga unavuja kona. Rangi zile tatu zinafichua pikseli zilizokufa na mistari myembamba ya kioo kilichowahi kutumika. Weka pia muvi zako mbili tatu za kawaida. TV nyingine zinacheza picha bila sauti, kwa kuwa hazina leseni ya aina ile ya sauti, na nyingine hazisomi flashi iliyofomatiwa NTFS (mpangilio wa faili wa kompyuta za Windows). Zijaribu hapo hapo, nyumbani utabishana na nani?

Jaribu na sauti. Spika za TV nyembamba ni ndogo, zinatazama chini, na muvi za kutafsiriwa zina sauti mbili zinazogombana. Kama mna sabufa nyumbani, angalia TV ina tundu la earphone au la sauti la kuiunganisha kwa waya. Bluetooth inawezekana lakini midomo na maneno huachana kidogo.

Namba ya utambulisho ya mashine (serial number) ilingane sehemu tatu: boksi, mgongo wa TV na kadi ya waranti. Kadi igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Dai risiti ya EFD yenye bei kamili uliyolipa; muuzaji akikwambia bila risiti anakupunguzia elfu ishirini, anakuuzia waranti yako kwa elfu ishirini. Waranti ya mdomo, kama ile ya TV ya kwanza, ina nguvu mpaka kijana huyo atakapohama duka.

Bei ya laki sita na arobaini usiikubali kama ilivyo. Anzia laki sita, na akigoma kushuka, mwambie aongeze braketi na waya wa HDMI wa mita moja na nusu. Waya huo ni lazima. Kama king'amuzi chenu kilikuwa kinaunganishwa kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, mlikuwa mnapata mistari 576 tu, na kwa nyaya hizo hata TV ya milioni tatu ingewaka na ukungu. Ukishachomeka HDMI, ingia mipangilio ya king'amuzi chenyewe uweke 1080 na 16:9, la sivyo wachezaji watakuwa wanene.

Pesa ya guard itoke kwenye TV ya zamani. Msiitupe: bodi, pawa na taa za nyuma ni nzima, na fundi anayetengeneza inchi 32 za aina hiyo atainunua kwa vipuri. Uliza kwa mafundi wawili au watatu, bei zao hutofautiana sana.

Ni wakati gani ningesema mchukue ya kwanza? Kama rula imesema 40, futi kamba imesema 109, YouTube ya TV imefunguka mbele yako, duka lina fundi wake na limeandika waranti kwenye karatasi yenye muhuri, na mwenye nyumba amekataa kabisa kutoboa ukuta. Vyote vitano. Kikikosekana kimoja, irudisheni kwenye rafu, na kama hofu ya mtoto ndiyo inayowanyima usingizi, ulizeni inchi 32 ya vioo viwili kutoka kwa chapa yenye fundi Morogoro. Itakuwa ndogo kwa mita mbili na nusu, lakini itabaki pesa.

Boksi na yale mapovu meupe yawekeni juu ya kabati hadi waranti iishe. TV ikitaka kurudishwa dukani, inasafiri ikiwa imesimama ndani ya boksi lake. Ikilazwa nyuma ya bajaji kwenye barabara ya matuta, itafika na kioo kilichopasuka, na waranti haifidii kioo kilichopasuka.